Vivumishi vya Kihispania vya kuelezea watu, mnavishikaje bila kuchanganya?

kobe_mwendo

Wakuu habari zenu. Mi najifunza Kihispania mwenyewe tu, apu kidogo, video za bure kidogo, na sasa nimefika kwenye kuelezea watu, yaani fulani mrefu, fulani mpole, fulani ana kipara na kadhalika. Maneno yenyewe sio shida, listi ninayo ndefu, alto (mrefu), bajo (mfupi), gordo (mnene), delgado (mwembamba), simpático (mchangamfu), tímido (mwenye haya), trabajador (mchapakazi), ukiniuliza moja moja nakujibu fasta. Shida ni pale natakiwa nimwelezee mtu mmoja kwa sentensi nne tano mfululizo, hapo kila kitu kinagongana, nikishika jinsia wingi unanitoka, nikishika wingi najiuliza hapa ni ser au estar, vile vitenzi vyao viwili vya "kuwa", na mpaka nimalize kuwaza aliyeniuliza ameshaondoka.

Naomba mnisaidie haya. Moja, miisho ya maneno. Kuna yanayogeuka o kuwa a, kuna yasiyogeuka kabisa, alafu kuna kama trabajador yanaongezewa a mwishoni, je kuna utaratibu au ni kukariri tu moja baada ya jingine? Mbili, ser na estar. Kila mahali naambiwa ser ni ya kitu cha kudumu na estar ni ya kitu cha muda, sawa, nimekubali, halafu nakutana na "está muerto". Sasa huyo marehemu amekufa kwa muda?? Tatu, maneno gani ya mwili nikimwambia mtu atanuna, maana gordo na viejo (mzee) kwenye listi yangu yamekaa tu kama maneno ya kawaida.

Nauliza kwa sababu nataka kufanya DELE, ule mtihani wa cheti cha Kihispania, ngazi ya A2, na kwenye sehemu ya kuongea kuna kazi ya kuelezea picha, na kwenye picha watu hawakosekani.

mama_kamusi

Karibu mdogo wangu. Nianze na miisho maana hiyo ndo nyepesi kwako kuliko unavyodhani. Sisi tumekua na upatanisho mdomoni, mtu mrefu, watu warefu, kiti kirefu, miti mirefu, hakuna anayesimama kufikiria. Mhispania anafanya jambo lile lile ila alama yake anaiweka mwishoni: chico alto, chica alta, chicos altos, chicas altas. Kipya kwako ni jinsia tu, kwa sababu "mrefu" yetu haijali kama ni mwanaume au mwanamke.

Utaratibu upo, tena sio mrefu. Yanayoishia na o yanageuka a kwa mwanamke. Yanayoishia na e hayageuki, amable (mkarimu), inteligente, alegre, paciente, ni hayo hayo kwa wote wawili, unaongeza s tu kwenye wingi. Yanayoishia na -ista ndo yanawachanganya wengi kwa sababu yana a mwishoni hata kwa mwanaume, un chico optimista, un hombre egoísta, usije ukasema optimisto, halipo. Mengi yanayoishia na konsonanti hayageuki pia: joven, feliz, débil, fiel, cruel. Kwenye wingi yanachukua -es, na hapo angalia maandishi, feliz inakuwa felices, z inageuka c, na joven inapata alama juu ya o, jóvenes.

Sasa kuna konsonanti zinazokubali a, na hizi zina sura zake. Yanayoishia na -dor, trabajador trabajadora, hablador habladora, encantador encantadora. Yanayoishia na -ón, haya mengi ni ya utani au lawama kidogo, dormilón ni mtu wa kulala sana, llorón ni mlizi, mandón anapenda kuamrisha wenzake, gruñón mnung'unikaji, na mwanamke ni dormilona, llorona, mandona, gruñona. Yanayoishia na -án, holgazán holgazana, mvivu huyo. Na ya mataifa, inglés inglesa, alemán alemana, español española. Kisha yapo machache yanayokaidi: mayor, menor, mejor, peor yanaishia na -or ila hayapokei a, na cortés ina sura kama ya inglés lakini mwanamke naye ni cortés tu.

Na ukikwama kuna njia ya mkato. Kamusi ya Real Academia Española iko bure mtandaoni, ukitafuta neno angalia linavyoandikwa juu kabisa. Ukiona "alto, ta" au "hablador, ra" ujue lina sura ya kike, ukiona "feliz" au "amable" peke yake bila mkia basi ni moja kwa wote. Kamusi imeshakujibu kabla hujasoma hata maana.

tango_la_usiku

Mi nakaa hapa hapa nasubiri jibu la marehemu wa muda 😂

nahau_na_mate

Mkuu kobe, hiyo kanuni ya kudumu na muda itupe. Haikusaidii, inakupa wasiwasi tu, kwa sababu kila ukitaka kusema neno inabidi uanze kukadiria kitu kitadumu mpaka lini, na ujana haudumu lakini wanasema es joven, na kifo kinadumu lakini wanasema está muerto.

Wewe una silaha ambayo wenzako wanaopitia Kiingereza hawana. Kabla ya kuchagua jiulize, hii kwa Kiswahili ningeanza na "ni" au ningeanza na "ame-" au "yuko"? Ikiwa "ni", tumia ser. Ikiwa "ame-" au "yuko", tumia estar. Basi. Jaribu na huyo marehemu wako: hatusemi "ni mfu" tukitoa habari ya mtu, tunasema amekufa, está muerto. Amechoka, está cansado. Amelala, está dormido. Amekasirika, está enfadado, au enojado kwa Amerika ya Kusini. Amekaa, está sentado. Ameoa au ameolewa, está casado, está casada (utasikia pia es casado, sio kosa). Yuko hai, está vivo. Yuko macho, está despierto. Yuko tayari, está listo.

Sababu yake wala sio muujiza. Estar inaeleza hali mtu aliyomo sasa hivi, mara nyingi hali iliyotokana na jambo lililotokea, na -me- yetu ndo kazi yake hiyo hiyo, jambo limetokea na matokeo yake bado yapo. Ser inasema mtu ni wa aina gani.

Utamu unakuja kwenye maneno yanayokubali zote mbili, hapo Kiswahili kinakupa tafsiri mbili bila kulazimisha:

es guapa, ni mrembo, na está guapa, amependeza (leo, kwa ile nguo)
es delgado, ni mwembamba, na está delgado, amekonda
es gordo, ni mnene, na está gordo, amenenepa
es callado, ni mkimya, na está callado, amenyamaza
es viejo, ni mzee, na está viejo, amezeeka

Ona ulivyo mtego hapo mkuu. Ukimwambia dada "eres guapa" umemsifu uzuri wake, ukimwambia "estás guapa" umemwambia amependeza, zote sifa. Lakini ukimwambia mtu "estás gordo" hujasema tu ni mnene, umemwambia kanenepa, na hiyo kila mahali duniani ina ugomvi wake.

Kuna mengine maana inahama kabisa, haya yakariri kwa jozi. Es listo, ni mwerevu, está listo, yuko tayari. Es aburrido, anaboa, está aburrido, ameboeka. Es despierto, ana akili ya haraka, está despierto, yuko macho. Es atento, anajali watu, está atento, yuko makini anasikiliza. Es orgulloso, ana majivuno, está orgulloso de su hija, anajivunia binti yake. Es malo, ni mtu mbaya, está malo, anaumwa, hii ya mwisho utaisikia zaidi Hispania. Na ile ambayo watu wazima wanacheka chini chini: es bueno ni mtu mwema, ila está bueno au está buena ukisema kuhusu mtu, wengi wataelewa unamtamani. Kwenye mtihani sema es bueno, tena ukitaka usalama zaidi sema es muy amable uendelee na maisha.

Zuhura_M

@nahau_na_mate hii ya "ame-" nimeipenda sana ila nakupinga kidogo. Tunasema "ni mgonjwa" na kwao ni está enfermo. Sasa hapo kanuni yako imekufa kwa muda au kwa kudumu?

nahau_na_mate

Hahaha dada Zuhura umenikamata. Ni kweli inavuja hapo, enfermo inakaa na estar. Ila hata sisi ukitaja hali ya mtu leo utasema anaumwa, au amelazwa, "ni mgonjwa" ina uzito mwingine kidogo. Na contento nayo ishike kichwani, hiyo inakwenda na estar, está contento, wakati feliz inakubali zote, es feliz ana maisha ya furaha, está feliz amefurahi. Sijasema ni sheria ya serikali, nasema itakufikisha mbali kuliko ile ya kudumu na muda.

mzee_wa_manukuu

Mi kazi yangu ni manukuu ya tamthilia, kwa hiyo Kihispania cha nchi mbalimbali kinapita masikioni kwangu kila siku. Nijibu swali la tatu, maneno ya mwili.

Kwanza neno bajo. Liko sahihi ila watu wengi wakimwelezea mtu mfupi wanasema bajito, inalainisha. Gordo inakuwa gordito au rellenito. Kwa mzee, viejo inaweza kusikika kama dharau, sema mayor, una señora mayor, un hombre mayor, hiyo ni heshima. Feo (mwenye sura mbaya) jiepushe nayo kabisa kwa mtu aliye hai na ana masikio. Kwa mwembamba, delgado ni salama, flaco ni ya mtaani zaidi, sehemu nyingi za Amerika ya Kusini ni kawaida tu lakini wengine inawasema kwamba wamekonda vibaya.

Sasa usishangae ukiangalia tamthilia ukasikia mke anamwita mumewe gordo, au rafiki anaitwa flaco, au mwanamke anaitwa negra (mweusi) na anatabasamu. Amerika ya Kusini maneno hayo ni ya mapenzi na mazoea, gordo mwenyewe anaweza kuwa hana hata tumbo. Ila ni kwa waliozoeana. Mgeni akiyaokota na kuanza kuyagawa kwa kila mtu, hali ya hewa inabadilika.

Rangi na nywele ndo hapo nchi zinaachana. Moreno Hispania mara nyingi ni mtu wa nywele nyeusi au ngozi ya maji ya kunde, au hata aliyepigwa jua tu, está moreno amepigwa jua. Sehemu nyingine, hasa Amerika ya Kusini na Karibiani, moreno anaweza kuwa ni mtu mweusi kabisa. Mwenye nywele za dhahabu kwenye vitabu ni rubio, Mexico ni güero, Venezuela catire, Colombia mono, ndiyo, mono, neno ambalo pia ni nyani, na Hispania hilo hilo mono ukimwambia mtoto ni kwamba anapendeza. Nywele za kujikunja kitabuni ni pelo rizado, Mexico wanasema pelo chino, Colombia crespo. Za kunyooka ni liso au lacio. Nywele zetu za kipilipili sema pelo afro au pelo muy rizado. Utasikia Karibiani wakisema "pelo malo", nywele mbaya, wakimaanisha za asili kama zetu, usilichukue hilo neno, ni mabaki ya dharau za zamani na wapo wengi huko huko wanaolipiga vita.

Na guapo yenyewe unayoiona rahisi, Hispania ni sifa ya kila siku mpaka kwa watoto, lakini Kuba guapo anaweza kuwa mtu wa shari, mbabe, na Jamhuri ya Dominika "está guapo" ni kwamba amekasirika. Kwa mtihani usijisumbue, guapo ya Hispania inaeleweka na kila mtu.

kobe_mwendo

Aisee, hapa nimepata zaidi ya nilichokuja nacho. @mzee_wa_manukuu asante mzee wangu. Sasa hiyo ya nywele, kivumishi kinafuata mtu au kinafuata nywele? Yaani kama ni mwanamke mwenye nywele fupi, corto au corta?

mama_kamusi

Kinafuata nywele mdogo wangu, kama kwetu tu. Hatusemi "mama ana nywele mfupi". María tiene (ana) el pelo corto y rizado, pelo ni ya kiume basi corto na rizado, hata kama María ni mwanamke. Tiene los ojos negros, ojos ni wingi wa kiume. Tiene la nariz pequeña, nariz ni ya kike. Na ona wanaweka el, la, los kabla ya kiungo. Macho ya kahawia Hispania ni ojos marrones, Mexico na majirani zake utasikia ojos cafés. Ndevu, miwani na masharubu vinakwenda na llevar (kuvaa) pia, lleva barba, lleva bigote, lleva gafas, na miwani Amerika ya Kusini ni lentes au anteojos. Upara sasa sio kitu cha kuwa nacho, ni sifa, es calvo.

Ila umegusa kitu nilichotaka kukisema toka mwanzo. Vivumishi vyetu vichache vinabeba kazi nyingi sana, na hapo ndo Mswahili anajikwaa kwa namna yake mwenyewe, vitabu vilivyoandikwa kwa watu wengine haviwezi kumwonya. Chukua -refu. Mtu mrefu ni alto. Nywele ndefu ni pelo largo. Ukisema "un hombre largo" ukidhani umesema mtu mrefu, umesema kitu cha ajabu. Chukua -fupi, mtu mfupi ni bajo, nywele fupi ni pelo corto, na hapa kuna hatari, kwa sababu kumwita mtu corto ni kumwambia akili yake haifiki mbali. Chukua -kubwa, kaka mkubwa ni hermano mayor, umri huo, ukisema hermano grande wapo watakaokuelewa lakini wengine watawaza mwili. Mdogo vivyo hivyo, hermana menor. Chukua -kali, mwalimu mkali ni estricto au severo, mbwa mkali ni bravo au fiero, pilipili kali ni picante, na dada akiwa mkali leo basi está enfadada. Chukua -zuri, hii ndo balaa lenyewe, mtu mzuri wa sura ni guapo, mzuri wa tabia ni bueno, mtoto mzuri ni bonito au mono au lindo kutegemea uko na wazungumza Kihispania wa wapi. Upole nao, mpole wa kutulia ni tranquilo, mpole wa kusema kwa ulaini ni dulce, manso waachie ng'ombe na farasi.

Kwa hiyo listi yako usiiandike neno moja la Kiswahili likitazamana na moja la Kihispania. Andika neno pamoja na kitu chake, hombre alto, pelo largo, hermano mayor, profesora estricta. Hapo jinsia unaipata bure humo humo.

Zuhura_M

Na wanaopitia Kiingereza nao wana mashimo yao, maneno yanayofanana na ya Kiingereza ila maana ni nyingine, niongezee haraka. Embarazada sio mwenye aibu, ni mjamzito. Educado sio msomi, ni mwenye adabu, msomi ni culto. Sensible ni mtu wa hisia za karibu, anaumia haraka, mwenye busara ni sensato. Simpático haina huruma ndani yake, ni mtu mchangamfu anayependeka. Constipado Hispania ni mwenye mafua, msimpe dawa ya tumbo.

kobe_mwendo

😂😂 sawa dada. Ngoja niwawekee picha ya kufikirika niandike kama niko mtihanini, mnikosoe bila huruma:

"En la foto hay una señora mayor y un chico joven. La señora es bajita, tiene el pelo blanco y corto y lleva gafas. El chico es alto y delgado, tiene el pelo muy rizado. Los dos están contentos. La señora es una persona amable. El chico es muy trabajador y un poco guapo."

nahau_na_mate

Imesimama mkuu. Mi nina mawili tu.

Kwanza tabia. Kwenye picha umejuaje kijana ni mchapakazi? Hapo tumia parecer, parece trabajador, parece amable, anaonekana. Ina faida nyingine kubwa, parece inakuondolea kabisa swali la ser au estar, "parece cansada", "parece simpática", unapita katikati. Mtu akikwama kwenye picha hiyo ni njia ya kutokea.

Pili, "un poco guapo" inachekesha kidogo. Un poco (kidogo) kwa kawaida inatangulia sifa ambazo sio nzuri sana, ni ya kupunguza makali, un poco tímido, un poco vago (mvivu), un poco serio. Ukiiweka mbele ya sifa nzuri inakuwa kama unambania. Sema bastante guapo (mzuri kiasi cha kutosha), au muy guapo kama moyo unaruhusu. Na ukitaka kupaza kabisa, guapísimo, altísimo, simpatiquísima, hiyo c inageuka qu ili sauti ibaki ile ile.

mama_kamusi

Hiyo "una persona amable" nimeipenda, ila kwa kuwa amable haigeuki mtego haujaonekana, ungesema kuhusu mwanaume kwa neno linalogeuka ungeuona: Pedro es una persona muy generosa, sio generoso. Persona ni neno la kike na kivumishi kinalifuata hata kama mtu mwenyewe ana ndevu mpaka kifuani. Sisi tunafanya kinyume, kiongozi liko kwenye ki- lakini tunasema kiongozi mzuri, hatusemi kiongozi kizuri, uhai wa mtu unashinda ngeli. Kwao neno linashinda mtu. Na la gente, watu, kwao ni umoja tena wa kike, la gente es amable, la gente está contenta, hiyo nayo inatesa maana sisi watu ni wengi. Wakichanganyika wanaume na wanawake kivumishi kinakuwa cha kiume wingi, kama ulivyoandika wewe "los dos están contentos", vizuri.

tango_la_usiku

Swali la mtu aliyekaa kimya muda wote, está callado siyo 😄 nimeona mahali "un gran hombre" na mahali pengine "un hombre grande", mmoja ni mnene au?

mzee_wa_manukuu

Wa kwanza ni mtu mkuu, wa maana, wa pili ni mtu wa umbo kubwa. Kawaida kivumishi kinakaa nyuma ya jina kama kwetu, chico alto, mujer inteligente. Kikitangulia mara nyingi kinabeba hisia au maana nyingine. Un pobre hombre ni wa kuhurumiwa, anaweza hata kuwa na hela, un hombre pobre ndo hana kitu. Un viejo amigo ni rafiki wa siku nyingi hata kama ana miaka 20, un amigo viejo amezeeka. Una mujer única ni wa kipekee, la única mujer ni peke yake pale. Na grande ikitangulia umoja inakatwa inabaki gran kwa wote, un gran hombre, una gran mujer. Bueno na malo zinakatwa mbele ya neno la kiume la umoja tu, un buen chico, un mal jefe, lakini una buena chica.

kobe_mwendo

Nimeandika upya: "El chico parece simpático y bastante tímido. Creo que es un buen nieto. La señora está orgullosa de él." Bastante tímido inaruhusiwa au nayo ni kama ile ya un poco?

nahau_na_mate

Inaruhusiwa, bastante haichagui, inakwenda na sifa nzuri na mbaya. Na hiyo "está orgullosa de él" umeipatia, ungeweka es ungekuwa umemtukana bibi wa watu.